Karudije? Fundi wa Sinema na Mkanda Uliotangulia

Saa nane mchana, Jumamosi. Juu kabisa ya jumba la sinema, katika chumba ambacho wakiingia watu wawili, wa tatu hubaki mlangoni, fundi anapuliza vumbi kwenye lenzi ya mashine kuukuu. Anapuliza, anafuta kwa kitambaa cha pamba, anaitazama kwa jicho moja, anapuliza tena.

Pembeni yake imesimama mashine mpya ya dijitali, nyeupe, imeshawashwa na inanguruma taratibu. Kazi aliyopewa leo ni kubonyeza kitufe kimoja cha hiyo mpya. Lakini anayoisafisha ni ya zamani.

"Mazoea tu," anasema kabla hajaulizwa. "Mkono haujui kustaafu."

Mtaa mzima unamwita Mzee Mwanga. Ana miaka sitini na mitatu, mrefu, amepinda kidogo mabegani kwa sababu dari ya chumba hiki haikujengwa kwa ajili yake. Zamani jumba lilikuwa na maonyesho matatu kwa siku. Siku hizi ni matatu kwa wiki, naye hulipwa kwa onyesho.

"Piga hesabu mwenyewe," anasema. "Mimi niliacha kupiga. Zinauma."

Chini, nje ya mlango mkubwa, katika kibanda cha tiketi chenye kidirisha cha vyuma na pazia la bati, ameketi mke wake. Huyo anaitwa Mama Tiketi. Mume na mke hawa wanafanya kazi jengo moja, na kwa wiki ya tatu sasa hawasemeshani. Wakiwa na la kuambiana, humtuma mfagiaji wa ukumbi, Mama Usafi, ambaye amechoka na hafichi.

"Mimi nimeajiriwa kufagia," Mama Usafi anasema. "Sikuajiriwa kuwa simu."

Ugomvi wenyewe umetokana na filamu. Si filamu ya juzi. Ni filamu ya zamani ya mapenzi na vichekesho, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma, na jina lake ni *Ngazi Moja*. Kila mwaka wakati wa likizo jumba hili huionyesha, na kila mwaka hujaa mpaka watu wanakaa njiani kati ya viti.

Hadithi yake ni nyepesi. Mshona nguo anapanga chumba cha juu, mpiga tarumbeta anakaa chumba cha chini, na ngazi ni hiyo hiyo moja. Cherehani inamkosesha mmoja usingizi, tarumbeta inamkosesha mwingine. Wanatukanana kwa nyimbo, wanapendana kwa nyimbo. Kisha mshonaji anagundua kuwa mwenzake alimdanganya, anafunga virago na kuondoka. Mpiga tarumbeta anakwenda kuimba chini ya dirisha lake mpaka majirani wanamwagia maji, anasamehewa, harusi inafungwa, na mwisho wapangaji wote wanacheza kwenye ngazi.

Ndivyo ilivyotengenezwa. Ila watu wa hapa hawajawahi kuiona hivyo.

Filamu hiyo imegawanyika katika mikanda mitano, kila mmoja ndani ya kopo lake la bati. Chumba cha fundi kina mashine mbili za zamani zinazopokezana. Mkanda mmoja ukizunguka kushoto, unaofuata unasubiri kulia. Ukikaribia kuisha, kiduara cheusi huchungulia kwenye kona ya picha mara mbili: cha kwanza kinamwambia fundi awashe mashine ya pili, cha pili kinamwambia ahamie.

Miaka thelathini na moja iliyopita, siku *Ngazi Moja* ilipoonyeshwa hapa mara ya kwanza, tajiri mwenye jumba alikuwa ameajiri muuza tiketi mpya. Fundi alikuwa hajamwona. Alimsikia. Mteja mmoja mwenye chongo alikuja amechelewa, akataka apunguziwe nusu, kwa kuwa anatazama kwa jicho moja.

"Wenye macho mawili wanaona filamu moja," muuza tiketi alimjibu, "na wewe utaiona hiyo hiyo moja. Toa hela, baba, watu wanasubiri."

Fundi alicheka peke yake huko juu. Kisha akashuka ngazi nusu ili aione sura yenye mdomo ule. Akasahau. Alipokuja kuzinduka, mlio wa mashine ulishabadilika, mkanda wa pili unakata roho. Akapanda mbio, akanyakua kopo lililokuwa karibu, akavalisha mashine. Lilikuwa kopo la nne.

Basi watu wakaona nyimbo za dirishani, wakaona harusi. Halafu fundi, akiwa ameshagundua na jasho linamtoka, akaweka wa tatu, maana afanye nini tena? Watu wakaona maharusi wanagombana, bibi harusi anafunga virago na kuondoka. Halafu ukaja wa tano, na yule yule mwanamke aliyeondoka analia yuko kwenye ngazi, anacheza, kamshika mume wake kiuno.

Watu wakatazamana. Kisha mtu mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Sasa huyu karudije?"

Jumba zima likaangua kicheko. Onyesho lilipokwisha, tajiri alipanda juu. Fundi alikuwa ameshakusanya vitu vyake.

"Umefanya nini?" tajiri akauliza.

"Nimekosea, tajiri."

"Basi kosea hivyo hivyo na kesho."

Akakosea hivyo hivyo miaka thelathini na moja. Ikawa ada ya hapa: mwanamke akishatokea kwenye ngazi, ukumbi mzima unapiga kelele kwa pamoja, "Karudije?" Watoto wanaijua kabla ya kujua kusoma. Ukiwauliza mbona kwenye ugomvi mke hana pete, wakati kashaolewa, watakushangaa. Kaivua kwa hasira, wewe hujawahi kuoa?

Na kila mtu ana jibu lake la alivyorudi. Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara anashikilia kuwa alirudi kuchukua cherehani yake, maneno yakazaa maneno. Muuguzi mmoja anasema alikuwa na mimba. Mama Usafi anasema karudishwa na mama mkwe, "na yeyote anayebisha hajawahi kuwa na mama mkwe mwenye akili."

Mama Tiketi naye ana lake, na husema bila kupepesa macho.

"Alimfuata mwenyewe," anasema kutoka ndani ya kibanda chake, akichana tiketi za watu wawili. "Akaenda, akasimama mlangoni. Wala hakuimba. Kuimba alishaimba siku za uchumba. Mke harudishwi kwa nyimbo za zamani."

Ni mwanamke mfupi, mwenye miwani aliyoifunga kamba shingoni. Fundi alimwoa mwaka uliofuata. Wamelea watoto wawili, wote wana miji yao sasa. Kwa Mama Tiketi, mkanda wa nne kutangulia wa tatu ndiyo siku mume wake alipomwona.

Sasa twende kwenye ugomvi.

Wiki tatu zilizopita, jumba lilipopata mashine mpya, mtangazaji wa redio alikuja kumhoji fundi. Meneja, kijana mtaratibu anayevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka, alikuwa amepata pia nakala mpya ya *Ngazi Moja*, safi, haina mchirizi hata mmoja, na katika mpangilio wake sahihi. Kilabu cha filamu cha mjini ndicho kilichoiomba. Mtangazaji akamuuliza fundi kuhusu lile kosa maarufu. Fundi, akiwa na kipaza sauti mdomoni na vijana wa kilabu wamemzunguka, akataka kuonekana mtu wa kazi.

"Ile siku ni aibu ya maisha yangu," alisema. "Ningekuwa na uwezo, ningeifuta."

Redio ya Mama Tiketi huwa wazi kibandani kutwa nzima.

"Nilikuwa nahesabu chenji ya mtu," anakumbuka. "Nikasikia. Nikamwambia yule mteja, rudia, ulinipa ngapi? Sikumwona tena vizuri." Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kitenge chake. "Siku aliyoniona mimi ndiyo ya kufuta. Haya. Nikaona nimsaidie kufuta."

Jioni ile alihamia kwa dada yake, mitaa miwili mbele. Kazini haachi kuja. Kwa wiki tatu ameuza tiketi chini ya ubao ulioandikwa kwa wino mwekundu: KWA MARA YA KWANZA, KATIKA MPANGILIO WAKE SAHIHI.

Dada mtu anahama kesho, Jumapili, kwenda mji mwingine kufungua duka la vitambaa. Amemwomba mdogo wake wafuatane. Mama Tiketi amekubali, na begi lake liko chini ya kaunta, limefungwa zipu.

"Leo nauza mpaka tiketi ya mwisho, kazi ni kazi," anasema. "Waoneshe hiyo iliyosahihishwa. Mimi nashusha bati langu, nakwenda zangu."

Huko juu, fundi anajua habari za begi. Hajakaa bure. Kwanza alimtuma shemeji yake, mdogo wa mke, akarudi amelishwa wali na hana jibu. Akamtuma mwenyekiti wa wapangaji wa nyumba wanayokaa, akarudi anamtetea mke. Mwisho akamtuma Mama Usafi na pakiti ya peremende. Peremende zikarudi. "Kasema umeze mwenyewe," Mama Usafi aliripoti.

Dada mtu ndiye aliyelimaliza neno. Alikutana na fundi sokoni, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Shemeji," akamwambia, "miguu unayo. Sasa unatuma watu wa nini?"

Mwandishi wa habari hii alipomuuliza kwa nini basi asiende, fundi alikunja kitambaa chake cha pamba mara nne.

"Kwenda ni rahisi," alisema. "Nikifika ninasema nini? Yale maneno niliyasema mbele ya watu wote. Nikiyarudisha jikoni kwa mtu, kwa kunong'ona, yeye atayachukuaje? Ukubwa ni jalala, lakini hata jalala lina mlango wa kupitia. Mimi sijauona."

Hayo aliyasema Alhamisi. Leo Jumamosi, kwenye meza yake, chini ya koti, kuna makopo matano ya bati.

Saa tisa kasoro, ukumbi umejaa. Mbele wameketi vijana wa kilabu cha filamu. Mwenyekiti wao, msichana mwenye sauti ya utulivu, anamweleza mwandishi msimamo wake. "Filamu ni kazi ya watu. Mtu hawezi kuichanganya kwa bahati mbaya, halafu tukaiita mila," anasema. Hoja yake ni nzuri. Nyuma yake muuza nyama anamuuliza mkewe kama leo itaruhusiwa kupiga kelele.

Taa zinazimwa. Juu, fundi haibonyezi mashine nyeupe. Anawasha ya kushoto.

Picha inatokea na mikwaruzo yake yote, kama mvua nyembamba. Nyuma wanapiga makofi, mbele wanageuka kutazama juu. Dakika chache baadaye meneja yuko mlangoni pa chumba, anahema.

"Mzee, hii siyo ile."

"Ni hiyo hiyo. Hii ina umri tu."

"Lakini mpangilio ni ule sahihi?"

"Mpaka sasa hivi ni sahihi," fundi anajibu, na hilo ni kweli.

Meneja si mtu mbaya. Alishamwambia mwandishi kuwa hana nia ya kumfukuza mzee, ila mashine mpya hata yeye anaiwasha kwa simu, na mwezi ujao bodi itauliza kwa nini jumba linalipa fundi. Anaamua kukaa hapo mlangoni. Mkanda wa kwanza unapita, wa pili unaingia. Fundi anageukia meza. Mkono wake unasimama juu ya kopo la tatu. Unakaa hapo muda kiasi cha meneja kuinua shingo.

Kisha unavuka, unachukua la nne.

"Mzee!"

"Nimeliona, mwanangu."

"Kilabu wako mle ndani! Ubao nimeuandika mwenyewe!"

"Utaufuta," fundi anasema, akiuvalisha mkanda kwenye meno ya mashine ya kushoto, kitanzi cha juu, kitanzi cha chini. "Mimi yangu niliyatamka redioni. Hayafutiki kwa kitambaa."

Kiduara cheusi. Kiduara tena. Anahamia. Mpiga tarumbeta anasimama chini ya dirisha, anafungua kinywa, na jumba zima linatambua kilichotokea. Kelele zinazopanda zinatikisa kioo cha kitundu cha kuchungulilia. Mtu anapiga mluzi. Muuza nyama, sauti yake haina kificho, anasema, "Yamerudi mambo yetu!"

Harusi inapita. Unaingia wa tatu, ugomvi. Fundi anavalisha wa tano kwenye mashine ya kushoto, anakagua vitanzi, anakagua tena. Anavaa koti. Anavua kofia, anaitazama, anaivaa.

"Njoo hapa," anamwambia meneja. "Tazama kona ya juu kulia. Kiduara cha kwanza, sukuma hiki. Cha pili, vuta hiki. Usifikiri."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda mwenyewe."

Anashuka. Ni ngazi ile ile aliyoshuka nusu siku ile. Safari hii viatu vyake vinasikika mpaka chini.

Mwandishi, kwa kosa la kazi ambalo mhariri wake hajalisamehe, alibaki chumbani. Sababu ni kwamba meneja alikuwa ameganda mbele ya mashine na mikono yote miwili hewani, akiuliza, "Ni kushoto au kulia? Alisema sukuma au vuta?" Kwenye skrini mshonaji alikuwa anakunja magauni yake ndani ya sanduku. Akalifunga. Akashuka ngazi analia. Kiduara. Meneja akasukuma. Kiduara. Akavuta. Skrini ikawa nyeupe kitambo, pengine sekunde moja, kisha ngoma ikalia na mwanamke yule akatokea kwenye ngazi anacheza.

"KARUDIJE?"

Hakuna aliyekuwa mle ndani ambaye hakupiga kelele. Meneja mwenyewe alipiga, kisha akaziba mdomo. Kwa hiyo yaliyosemwa kwenye kidirisha cha tiketi wakati huo huo hayakusikika na mtu.

Shahidi pekee ni Mama Usafi, aliyekuwa na ndoo yake karibu na mlango mkubwa.

"Nilimwona kasimama pale, kofia mkononi," anasimulia. "Midomo inacheza, lakini kelele za ndani hizo! Mama Tiketi kamkodolea macho. Mara bati likashushwa, pwaa! Nikasema basi, kwisha habari, ndoa ndoano. Mzee hakuondoka. Kasimama analitazama lile bati. Na mimi machozi yananitoka, nimeshika fagio kama mjinga. Halafu mlango wa pembeni wa kibanda ukafunguka."

Kutoka kwenye kitundu cha juu, mwandishi na meneja waliona yaliyofuata. Mlango wa nyuma wa ukumbi ulifunguka, mwanga wa mchana ukaingia kidogo, na watu wawili wakapapasa kutafuta viti vya mwisho. Mwanamke mfupi aliketi na begi mapajani. Mwanamume mrefu alilichukua begi hilo, akaliweka chini ya kiti chake, upande wa mbali na mlango.

Taa zilipowashwa, msichana wa kilabu alikuwa anafuta macho kwa kucheka. "Bado ni kosa," alisema. "Andika hivyo hivyo. Ni kosa." Anataka nakala safi ionyeshwe, na ana haki. Meneja amesema Jumatatu watazungumza, na kuwa likizo ijayo pengine zitaonyeshwa zote mbili, ya kilabu na ya watu. Kuhusu mkataba wa fundi hakuahidi kitu. Alikuwa anatazama viganja vyake vilivyochafuka grisi, na hakuonekana kuchukia.

Mama Tiketi alitoka nje akapiga simu. "Dada," alisema, "wewe tangulia tu." Akasikiliza. "Ndiyo. Kwa miguu yake." Akakata.

Mzee Mwanga ana mpango mmoja tu, na ameshaanza kuutekeleza: kila Jumanne atamfundisha meneja kuvalisha mkanda. Anasema si kwa ajili ya bodi.

"Miaka yote hii mimi niko juu, yeye yuko nje," anasema, akirudisha makopo mahali pake, la nne mbele ya la tatu. "Hatujawahi kukaa viti viwili tukaiona kuanzia mwanzo. Likizo ijayo nataka tuione yote, na mimi nipige kelele na wenzangu."

Mwandishi anamuuliza, basi, pale dirishani alisema nini.

"Muulize mwenye dirisha."

Mwenye dirisha amesharudi kibandani, ameinua bati, anauza tiketi za onyesho la jioni. Foleni imeshafika barabarani, na kila anayefika mbele anainama kuchungulia ndani, anatabasamu, na kuuliza swali lile lile moja. Mama Tiketi anapokea hela, anachana tiketi, hajibu mtu. Zamu ya mwandishi inapofika, naye anainama, na daftari mkononi.

"We andika nimerudi," anasema. "Mengine waache wabishane."